Jirani Amefiwa: Jinsi Watu wa Dini Mbalimbali Wanavyowaaga Wafu Wao

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya ni yale yale yaliyosemwa katika redio. Yamepigwa chapa ili myasome polepole darasani pamoja na mwalimu wenu.

MANENO YA KUJIFUNZA KABLA YA KUSOMA

Maiti: mwili wa mtu aliyekufa.
Sanda: nguo nyeupe ya kumvika maiti.
Kibla: upande wa Makka, ambako Waislamu huelekea wanaposali.
Matanga: siku za kukaa pamoja na wafiwa.
Eda: siku ambazo mjane hukaa kwa utulivu baada ya kufiwa na mumewe.
Majivu: kinachobaki baada ya kitu kuungua.

SOMO LENYEWE

Saa ya somo letu imefika. Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana karatasi yake mbele yake. Asiyeweza bado kusoma haraka asihuzunike. Nitasema polepole, naye afuatishe kwa kidole.

Wiki iliyopita tulizungumza habari za kufunga. Leo tutazungumza jambo zito zaidi, jambo ambalo hakuna nyumba isiyolijua. Ni habari ya msiba.

Katika darasa lenu wamo Waislamu na Wakristo. Labda yumo pia mzee anayefuata mila za babu zake. Na mjini kwenu labda pana duka la Mhindi, ambaye mmenunua kwake sukari na kitambaa kwa miaka mingi. Siku moja mmoja wa watu hawa atafiwa. Nawe utataka kwenda kumpa pole, maana huo ndio ujirani. Je, utajua la kufanya? Utajua la kusema? Mtu aweza kwenda kwa nia njema kabisa, akaumiza moyo uliokwisha kuumia.

Nalijua jambo hili kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Nitawaeleza.

1. KOSA LANGU

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na stashahada yangu mfukoni, nikidhani nimekwisha kujua kila kitu. Mimi nimelelewa katika Ukristo, katika nchi ya milimani, mbali na pwani. Nikapewa kazi katika mji mdogo. Huko alikuwako mwalimu mmoja mzee, Mwislamu, aliyenipokea kama mwanawe. Baadaye nilihamishwa wilaya nyingine.

Siku moja nikapata habari adhuhuri kwamba yule mwalimu amekufa alfajiri. Nilihuzunika sana. Nikaomba ruhusa, nikatafuta shada la maua, nikapanda basi la jioni. Nilifika asubuhi ya siku ya pili. Nikaona watu wamekaa juu ya mikeka, wametulia. Nikauliza, "Maiti yuko wapi?" Ndugu yake marehemu akanijibu, "Tulimzika jana alasiri."

Wasikilizaji, nilikasirika. Nilisema maneno ambayo nayajutia mpaka leo. Nilisema, "Mbona mmemzika upesi hivyo, kama watu wanaomkimbia? Hata rafiki zake hamkuwangoja!"

Yule ndugu akanyamaza. Macho yake yakajaa machozi. Ndipo mzee mmoja akanishika mkono, akanikalisha mkekani, akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi tumefundishwa kwamba kumheshimu maiti ni kumharakisha. Kumweka hapa usiku kucha ili sisi tupate nafasi, hilo ndilo lingekuwa kosa. Tulimwosha, tukamvika, tukamsalia, tukampeleka. Hatukumkimbia. Tulimtimizia haki yake."

Nikaona haya. Nikasema, "Nisamehe, mzee. Sikujua."

Yule mzee akatabasamu kidogo. Akasema, "Nami nikuulize. Ninyi Wakristo huweka maiti katika barafu siku nne, siku tano, hata wiki nzima. Sisi hushangaa, tukasema, watu hawa hawampendi ndugu yao?"

Nikamwambia, "La, mzee. Twangoja watoto wake walio mbali wafike. Tukimzika kabla hawajamwona, watasema hatukumpenda."

Tukatazamana. Yeye aliniona mimi sina huruma, nami nilimwona yeye hana huruma. Kumbe mmoja huharakisha kwa sababu ya upendo, na mwingine hungoja kwa sababu ya upendo ule ule. Basi hilo ndilo somo letu la leo.

2. MASWALI MATATU

Mtu akitaka kulinganisha dini, asitazame kwa macho tu. Ukitazama kwa macho tu utaona huyu anafukia, huyu anachoma, huyu anavaa nyeusi, huyu anavaa nyeupe. Utacheka au utachukia, lakini hutaelewa. Yafaa kuuliza maswali matatu:

Swali la kwanza: watu hawa wanaamini mwili ni kitu gani?
Swali la pili: wanaamini mtu akifa anakwenda wapi?
Swali la tatu: walio hai wana kazi gani ya kumfanyia aliyekufa?

Ukipata majibu ya maswali haya, desturi zao zitaeleweka, hata kama wewe huzifuati.

3. WAISLAMU NA MAYAHUDI

Tuanze na Waislamu. Wao huamini kwamba mwili umeumbwa na Mungu kwa udongo, nao utarudi udongoni mpaka siku ya kufufuliwa. Kwa hiyo mwili hauchomwi. Maiti huoshwa kwa heshima, mwanamume na wanaume, mwanamke na wanawake. Mume na mke waruhusiwa kuoshana. Kisha huvikwa sanda nyeupe isiyo na mapambo: kwa desturi nguo tatu kwa mwanamume, na tano kwa mwanamke. Tajiri na maskini sanda yao ni moja.

Halafu husaliwa. Sala hii husaliwa kwa kusimama tu, haina kuinama wala kusujudu. Kisha maiti hupelekwa kaburini, akalazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Watu hutupa udongo kwa mikono mara tatu. Kwa desturi ya pwani wanawake hawaendi makaburini wakati wa kuzika. Hukaa nyumbani na wafiwa wa kike.

Hapa pana neno moja linaloleta mafarakano. Ni neno "jeneza". Mkristo akisema jeneza, ana maana ya sanduku linaloingia kaburini pamoja na maiti. Mwislamu wa pwani akisema jeneza, ana maana ya kitanda cha kumchukulia maiti. Maiti huzikwa, na jeneza hurudishwa msikitini kumngoja mtu mwingine. Basi neno ni moja, vitu ni viwili.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Ikiwa ana mimba, eda yake humalizika akijifungua. Katika muda huo hajipambi, wala haolewi.

Sasa tuwatazame Mayahudi. Wengi wetu hatujapata kukaa nao, lakini mtashangaa jinsi wanavyofanana na Waislamu katika jambo hili. Nao huosha maiti, humvika nguo nyeupe zisizo na mapambo, tajiri na maskini sawasawa, nao huzika upesi. Wafiwa hupasua nguo zao kidogo kuonyesha huzuni. Baada ya maziko hukaa nyumbani siku saba, wakiketi juu ya viti vifupi. Majirani huwaletea chakula, maana wafiwa hawapaswi kujipikia. Na mgeni akiingia, desturi yao ni kwamba hasemi kwanza. Hungoja mpaka mfiwa mwenyewe aseme. Tena hawapendi kupeleka maua kaburini. Anayezuru kaburi huacha jiwe dogo juu yake, alama ya kwamba amefika na amekumbuka.

4. WAKRISTO

Wakristo nao huamini ufufuo wa mwili, kwa sababu wanaamini kwamba Yesu alizikwa, akafufuka. Kwa hiyo kwa miaka mingi sana Wakristo walizika tu. Maiti huoshwa, huvikwa nguo zake nzuri, hulazwa katika sanduku. Watu hukesha wakiimba na kuomba. Padri au mchungaji huongoza ibada. Udongo hutupwa kaburini, msalaba husimamishwa, na maua huwekwa. Wakatoliki husali pia kwa ajili ya marehemu, hasa tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu wote. Waprotestanti wengi huomba zaidi kwa ajili ya wafiwa. Husema kwamba marehemu amekwisha kuwa mikononi mwa Mungu. Basi, hata ndani ya dini moja, watu hawafanani.

Desturi pia hubadilika. Zamani Kanisa Katoliki lilikataza kuchoma maiti. Mwaka 1963 liliruhusu, mradi mtu asifanye hivyo kwa kukana ufufuo. Mwaka 2016 likaongeza kwamba majivu yasitawanywe wala yasiwekwe nyumbani, ila yawekwe mahali patakatifu. Na katika Uingereza, nchi iliyotuletea wamisionari wengi waliotufundisha kuzika, leo watu wengi zaidi huchomwa kuliko wanaozikwa.

5. WAHINDU, WASIKHI NA WABUDHA

Sasa tuje kwa wale wanaochoma maiti. Watu wengi hapa kwetu huwaonea vibaya katika jambo hili. Nimesikia mtu akisema, "Watu wale wanamchoma mzazi wao kama takataka!" Haya ni maneno ya asiyeuliza. Turudi kwenye maswali yetu matatu.

Wahindu wanaamini kwamba mwili ni kama nguo. Roho imeuvaa kwa muda. Nguo ikichakaa, roho huiacha ikavaa nyingine, yaani huzaliwa tena. Inakwenda hivyo mara nyingi, mpaka siku ile itakapokombolewa isizaliwe tena. Kwa hiyo mwili uliobaki si wa kutunzwa. Moto ni kitu kitakatifu kwao. Moto huurudisha mwili upesi katika asili yake, na roho hupata kwenda zake.

Basi, maiti huoshwa, huvikwa, hupambwa kwa maua, huchukuliwa na jamaa zake. Kwa desturi anayewasha moto ni mwana wa kiume wa kwanza. Fikiri jambo hilo! Mtoto hafanyi hivyo kwa kumdharau baba yake. Ndiyo kazi ya mwisho anayomfanyia, nayo ni heshima kubwa. Watoto wachanga, kwa kawaida, hawachomwi, huzikwa.

Baadaye majivu hutiwa katika maji. Mahali panapotamaniwa kuliko pote ni mto Ganges katika nchi ya India, hasa katika mji wa Varanasi, ambako moto wa kuchomea maiti huwaka kando ya mto mchana na usiku. Wahindu wa Afrika ya Mashariki wengine hupeleka majivu mpaka India, na wengine huyatia katika bahari yetu. Wafiwa huvaa nguo nyeupe, maana nyeupe ndiyo rangi yao ya msiba.

Wasikhi, ambao sisi tumezoea kuwaita Makalasinga, nao huchoma maiti, na majivu hutiwa katika maji yanayokwenda. Dini yao haitaki wajenge mnara juu ya majivu hayo. Wanaamini Mungu mmoja, na wakati wa msiba husoma kitabu chao kitakatifu.

Wabudha nao, kwa wengi wao, huchoma. Buddha mwenyewe alichomwa, na wafuasi wake husimulia kwamba mabaki yake yaligawanywa mafungu manane, yakajengewa minara ya ukumbusho. Kwao watawa husoma maneno matakatifu, na jamaa hutoa sadaka kwa jina la marehemu, wakitumaini kwamba wema ule utamfaa anapokwenda kuzaliwa tena. Katika nchi ya Japani leo karibu watu wote wanaokufa huchomwa.

6. WALE WANAOWAPA NDEGE

Wako watu wengine ambao desturi yao itakushangaza zaidi. Hao ni Waparsi, wafuasi wa nabii Zarathustra. Asili yao ni Uajemi, na wengi wao sasa wako India. Wachache walikuja Zanzibar na bara kufanya kazi na biashara.

Waparsi wanaamini kwamba moto, ardhi na maji ni vitu vitakatifu. Maiti ni kitu kilichoguswa na uovu wa mauti. Sasa fanya hesabu yao: wakimzika wataichafua ardhi, wakimchoma watauchafua moto, wakimtupa majini watayachafua maji. Watafanya nini? Wazee wao walijenga minara ya mawe isiyo na paa, wakawalaza maiti humo juu, na tai wakala nyama. Minara hiyo iko mpaka leo katika mji wa Mumbai. Kwao hii ni sadaka ya mwisho: hata baada ya kufa mtu hulisha viumbe.

Lakini tangu miaka ya 1990 tai wa India walikufa kwa wingi mno. Wataalamu walikuja kugundua sababu: wafugaji walikuwa wakiwapa ng'ombe wagonjwa dawa iitwayo diklofenaki, na tai waliokula mizoga ya ng'ombe hao waliharibika figo. Mwaka 2006 India ilikataza dawa hiyo kwa mifugo. Waparsi wa Mumbai waliweka vioo vya kukusanya joto la jua ili likaushe maiti, na wengine wakaanza kuchoma. Mjue basi kwamba dawa ya ng'ombe yaweza kuigusa ibada ya watu.

Watu wa Tibet pia huwapa ndege maiti, ingawa dini yao ni ya Kibudha. Nchi yao ni ya mawe na baridi kali. Kuchimba kaburi ni kazi, na kuni ni chache. Hapo mwaona imani na hali ya nchi zikienda pamoja.

7. WAZEE WETU WENYEWE

Tusidhani kwamba mambo ya ajabu yako mbali tu. Wakikuyu wa zamani hawakuwazika watu wote. Wazee wenye heshima na mali walizikwa. Wengine wengi walilazwa porini, wakachukuliwa na fisi. Wachaga huzika katika kihamba, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kwa sababu ardhi ile ni ya ukoo, na aliyekufa bado ni mtu wa ukoo. Profesa John Mbiti wa Kenya, ambaye alikuwa pia padri wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi mtu aliyekufa, maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, bado huhesabiwa kuwa hai kwa namna fulani. Ndiyo sababu mahali pa kaburi ni jambo kubwa kwetu.

Jambo hilo lilionekana wazi katika Kenya. Wakili S. M. Otieno alikufa Nairobi Desemba 1986. Yeye alikuwa Mjaluo, mkewe Mkikuyu. Mke alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo ulitaka azikwe Nyalgunga, katika nchi ya baba zake. Wakaenda mahakamani. Maiti aliwekwa miezi mitano, mpaka ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Kesi ile haikuwa ya dini moja na dini nyingine. Ilikuwa kesi ya mila. Basi tujifunze kutenganisha: hili ni la dini, hili ni la mila, na mara nyingi vimefungwa kamba moja.

Na hata mtu mmoja aweza kuchagua njia yake. Bibi Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa kazi yake ya kupanda miti, alikufa Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya sanduku lake. Wakamtengenezea sanduku la mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili wake ukachomwa Nairobi, mahali ambapo Wahindu huchomea maiti wao. Wengi walishangaa. Lakini aliyejua maisha yake alielewa.

8. SERIKALI NAZO ZAWEZA KUKOSEA

Labda mtu atasema, "Afisa, haya ni mambo ya adabu tu. Yana faida gani nyingine?" Sikilizeni.

Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola ulienea Guinea, Liberia na Sierra Leone. Ukaua watu zaidi ya 11,000. Ebola huambukiza sana kwa kugusa maiti, na katika nchi zile watu huosha maiti wao kwa mikono. Agosti mwaka ule serikali ya Liberia iliamuru kwamba maiti wa Ebola katika mji mkuu wa Monrovia wachomwe. Nia ilikuwa njema. Lakini kuchoma hakukuwa desturi ya Wakristo wa kule, wala ya Waislamu. Watu wakaogopa. Wengine wakawaficha wagonjwa wao nyumbani, ili wasije wakachomwa, na wengine wakazika usiku kwa siri. Ugonjwa ukapata njia.

Ndipo wakubwa wa afya wakaketi na masheikh na wachungaji. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya. Mwislamu aweza kutayamamishwa bila kuoshwa kwa maji, na mfuko mweupe wa maiti ukahesabiwa kuwa sanda. Mkristo aweza kuombewa na mchungaji, na jamaa wakatazama kwa mbali. Kaburi likaandikwa jina. Watu walipoona kwamba wafu wao wanaheshimiwa, wengi zaidi wakakubali.

Tena, katika Sri Lanka, serikali iliamuru mwaka 2020 kwamba kila aliyekufa kwa Uviko achomwe. Wengi wa nchi ile ni Wabudha, na kwao kuchoma si tatizo. Lakini Waislamu walilia sana, hata mtoto mchanga wao alichomwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema kwamba kuzika kunaruhusiwa. Amri ile iliondolewa Februari 2021, na mwaka 2024 serikali ikaomba radhi. Kuomba radhi ni kuzuri. Kuuliza kwanza ni bora zaidi.

9. UTAKAPOKWENDA MSIBANI

Sasa tumekaribia mwisho. Katika dini zote tulizotaja, mambo manne tumeyaona mahali pengi. Maiti hushughulikiwa kwa heshima. Watu hukusanyika wasimwache mfiwa peke yake. Wafiwa husaidiwa kwa chakula au kwa fedha. Na huzuni huwekewa siku zake, ili mtu alie, kisha arudi katika kazi zake. Huo ndio ubinadamu wetu sote. Siwaambii kwamba dini zote ni moja. Hazifanani, na kila mwenye dini ana haki ya kushika yake. Nawaambia kwamba unaweza kushika yako bila kuidharau ya jirani.

Basi, jirani yako akifiwa, fanya hivi:

Ukiwa unakwenda kwa Mwislamu, nenda upesi, maana maziko hayakawii. Vaa nguo za heshima, vua viatu, keti mkekani. Usipeleke shada la maua kama nilivyofanya mimi. Toa ubani, yaani msaada wako wa fedha, kwa mtu anayepokea.

Ukiwa unakwenda kwa Mkristo, uliza siku na saa ya ibada. Kama dini yako haikuruhusu kushiriki katika sala, waweza kusimama nje kwa utulivu, kisha ukafuatana na watu makaburini. Hakuna atakayekulaumu.

Ukiwa unakwenda kwa Mhindu, vaa nguo nyeupe au rangi tulivu, wala usivae nguo za kung'aa. Simama kimya. Usiulize maswali ya ajabu mbele ya moto.

Na ukiwa hujui, usijifanye kujua. Mtafute mtu wa nyumba ile ambaye hakulemewa sana na huzuni, umwambie, "Nimekuja kuwapeni pole. Desturi yenu ni nini, nisije nikakosea?" Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Sijapata kumwona mfiwa aliyekasirika kwa kuulizwa hivyo.

Mimi nilirudi kwa yule ndugu wa mwalimu wangu siku ile ile. Nikampa mkono, nikamwomba radhi. Akanikaribisha chakula. Yale maua yangu sikuyatupa. Yule mzee aliyatazama, akacheka kidogo, akampa mtoto ayapande shina lake nyuma ya nyumba, ingawa hayakuwa na mizizi. Nilifahamu kwamba nimesamehewa.

Wiki ijayo tutazungumza habari za safari za hija. Kaeni salama, na mwendelee kusoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Waislamu na Mayahudi huzika upesi? Kwa nini Wakristo wengi wa kwetu hungoja?
2. Mhindu anaamini mwili ni kama kitu gani? Imani hiyo inaelezaje desturi yake ya kuchoma?
3. Taja desturi moja ya msiba katika ukoo wenu. Je, ni ya dini au ni ya mila? Umejuaje?
4. Wakubwa wa Liberia wangefanya nini kabla ya kutoa amri yao ya mwaka 2014?
5. Andika sentensi tatu za kumpa pole jirani wa dini nyingine. Msomee mwenzako, naye akuambie kama zingemfariji.